Kwa nini mkaguzi aje kabla zege halijamwagwa?

SWALI: Mkaguzi wa majengo wa jiji alisimamisha kazi yangu siku tuliyokuwa tayari kumwaga zege la sakafu ya ghorofa ya kwanza, akitaka kwanza kuona nondo zilivyofungwa. Kiwanja ni changu, fedha ni zangu, na mhandisi nimemwajiri mwenyewe. Kanuni hizi zilianzia wapi, na jiji lina haki gani ya kuniingilia?

JIBU: Ndugu msomaji, uchungu wako naufahamu, kwa maana mafundi wakikaa bure siku nzima gharama ni yako. Hata hivyo, mkaguzi huyo alifika wakati uliofaa, kwa sababu nondo zikishafunikwa na zege hakuna awezaye kuziona tena. Nondo iliyolazwa moja kwa moja juu ya mbao, bila vipande vidogo vya kuiinua, hubaki na zege jembamba mno chini yake. Unyevu ukipenya, chuma hushika kutu, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, zege hupasuliwa kutoka ndani, pengine miaka mingi baada ya fundi kulipwa na kuondoka.

Sheria za kale zilingoja msiba utokee. Zile za mfalme Hammurabi wa Babeli, za karne ya 18 kabla ya Kristo, ziliamuru kwamba nyumba ikianguka na kumuua mwenyewe, aliyeijenga auawe pia. Adhabu hiyo ilitia hofu, lakini haikumrudisha aliyefukiwa, na katika jiji ambamo nyumba zimebanana mwenye kudhurika mara nyingi ni jirani ambaye hakushauriwa lolote.

Ndiyo maana baadhi ya kanuni za mwanzo za London, ambazo kwa kawaida huhesabiwa kuwa za mwaka 1189, zilihusu mpaka wa viwanja: majirani waliokubaliana kujenga ukuta wa mawe wa pamoja walitakiwa kila mmoja atoe futi moja na nusu ya ardhi yake, ili ukuta uwe na unene wa futi 3. Kiwanja kilikuwa cha mtu binafsi hata wakati huo, ila moto haukujua mpaka. Baada ya moto mkubwa wa mwaka 1212, mapaa mapya ya nyasi yalipigwa marufuku. Nyumba za mbao zilibaki nyingi, na mwaka 1666 moto ulioanzia kwa mwoka mikate wa Pudding Lane uliteketeza nyumba zaidi ya 13,000. Sheria ya mwaka 1667 ilidai matofali au mawe, ikapanga unene wa kuta kulingana na aina ya nyumba, na, jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ikaweka wakaguzi wa kuhakikisha kwamba inafuatwa. Mwaka 1709 hata fremu za mbao za madirisha ziliamriwa zirudishwe ndani ya ukuta kwa inchi 4, zisiwe ngazi ya moto.

New York ilijifunza kwa namna ya kuumiza zaidi. Tarehe 25 Machi 1911, wafanyakazi 146 wa kiwanda cha nguo cha Triangle walikufa katika moto. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, ngazi ya nje ikaporomoka, na ngazi za zimamoto hazikufika ghorofa walizokuwamo. Sheria zilizofuata ziligusa milango, njia za kutokea na mazoezi ya kujiokoa. Wafanyakazi wale hawakuwa na sauti katika ujenzi wa jengo lile, kama ambavyo wapangaji wako wa kesho hawapo leo kwenye eneo la ujenzi.

Mhandisi wako ni wa lazima, lakini analipwa nawe. Mkaguzi anawasimamia hao wasiokuwapo. Mjulishe siku kadhaa kabla ya kumwaga, nondo zikiwa zimekwisha kufungwa na ramani iliyopitishwa ikiwa mkononi mwa msimamizi, na usiagize saruji kabla hajatia saini.