Barua kwa mwanangu: deni la mwenzako na jina lako

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara mbili. Unauliza kwa nini unyimwe apatimenti kwa sababu ya deni aliloliacha mwenzako, na kama niko tayari kuwa mdhamini wako kwenye mkataba mpya. Naanza na la kwanza, maana ndilo lililokuuma.

Pale mlipokuwa mnakaa mlisaini mkataba mmoja, majina mawili. Hapa Marekani mikataba mingi ya namna hiyo humfanya kila aliyesaini adaiwe kodi nzima. Mwenzako alipobeba mabegi yake akaenda zake, wewe ukaendelea kulipa nusu yako, dola 650, ukaona umemaliza. Kwenye daftari la mwenye nyumba kodi ya miezi 2 ikawa haijakamilika, na aliyebaki wa kudaiwa ni wewe. Barua zikaanza kuja. Umeniambia mwenyewe kwamba uliziweka juu ya friji bila kuzifungua, kwa sababu ulijua zinasema nini. Mwanangu, kuondoka kwake sikulaumu hata kidogo. Zile bahasha nakulaumu.

Nasema hivi kwa kuwa yameshanipata. Mwaka wetu wa pili hapa tulihama, nikasahau bili ya mwisho ya umeme, dola 87. Barua zikawa zinakwenda anwani ya zamani. Nilikuja kujua siku niliyokwenda kuomba mkopo wa gari: kijana aliyekuwa akinihudumia aligeuza skrini nione, deni limeshakabidhiwa kwa wakusanya madeni. Nililipa siku ileile nikidhani nimelifuta. Mstari ule ulibaki kwenye ripoti yangu ya mikopo, ile rekodi ya jinsi mtu anavyolipa madeni yake, umeandikwa kwamba umelipwa, mpaka miaka 7 ikatimia.

Alama ya mikopo, ile namba inayokokotolewa kutokana na ripoti hiyo, inaanzia 300 na kuishia 850. Katika ile ya FICO, inayotumiwa na wakopeshaji wengi, kulipa kwa wakati kunabeba asilimia 35, na kiasi unachodaiwa asilimia 30. Mshahara haumo kabisa, ndiyo maana una kazi nzuri na bado wamekukatalia. Nami sioni kama mambo haya yana haki yote: kodi uliyolipa miaka 3 bila kuchelewa huenda haikuripotiwa popote, ila ulipokwama mara moja ikaripotiwa upesi. Hasira yako juu ya hilo naielewa, na ninayo pia.

Lakini ile barua ya kukataliwa usiitupe. Kwa sheria ya shirikisho, mwenye nyumba aliyekukatalia kwa sababu ya ripoti lazima akutajie kampuni iliyoitoa, na una siku 60 za kuomba nakala bure. Za Equifax, Experian na TransUnion, zile kampuni tatu kubwa za ripoti hizi, zote unazipata bure kwenye AnnualCreditReport.com, na kujiangalia mwenyewe hakushushi alama. Zitoe zote tatu, maana lililomo kwenye moja huenda halimo kwenye nyingine.

Zile dola 2,140 wanazokudai pale ulipohama zinanitia shaka. Nusu ya mwenzako kwa miezi 2 ni 1,300. Hizo 840 zimetoka wapi? Kama wameingiza lile zulia lililochakaa kwa kukanyagwa tu, uchakavu wa kawaida haulipwi na mpangaji, na picha ulizopiga siku ya kuhama unazo. Hizo 840 zipinge kwa maandishi, kwao na kwa kampuni za ripoti. Kampuni hizo kwa kawaida zina siku 30 za kuchunguza. Ila 1,300 zilipe, na upewe karatasi inayoonyesha umelipa. Mwenzako utamdai baadaye, hata kwenye mahakama ya madai madogo ikibidi. Usikae kumsubiri.

Kuhusu sahihi yangu, kwa sasa siiweki. Nakuamini. Lakini nikisaini, mwezi utakaokwama mwenye nyumba anaweza kunidai mimi kodi yote, na jina hilohilo ndilo mdogo wako analitegemea kwa mkopo wa chuo mwakani. Nenda kwa yule mzee mwenye nyumba mbili ulizozitaja, ukae naye ana kwa ana. Mweleze yaliyotokea kabla hajayaona kwenye ripoti, mwonyeshe risiti zako za miaka 3 na barua ya mwajiri, umwulize kama atakubali uongeze amana kidogo. Mtu mmoja huwa anasikiliza kuliko ofisi kubwa. Amana ikikupungukia nitaijazia mimi, na hiyo sitaki unirudishie.

Mpaka upate pa kukaa, chumba chako kipo, shuka nimebadilisha. Ijumaa njoo na zile bahasha za juu ya friji, zote, hata zilizokunjamana. Nitatengeneza chai, tukae mezani tuzifungue moja moja.

Mama yako