Mdomo umevutwa upande baada ya kutolewa uvimbe: nisubiri au nirudi kwa upasuaji?

SWALI: Habari daktari. Wiki 7 zilizopita nilitolewa saratani ya ngozi shavuni, karibu na pua. Kidonda kimefunga, lakini mdomo wa juu umevutwa upande ule na tundu la pua halilingani na lenzake. Uvimbe ulikuwa mdogo, mbona kovu ni refu hivi? Uso utarudi sawa?

JIBU: Pole sana. Urefu wa kovu una sababu yake. Pamoja na uvimbe hukatwa ngozi inayoonekana nzima kuuzunguka, mara nyingi milimita 4 kila upande kwa saratani isiyo kali. Jeraha la duara likishonwa lilivyo, ncha zake huvimba na kujikunja, ndiyo maana tunakata kwa umbo la jani, urefu kama mara 3 ya upana. Piga hesabu: uvimbe wa milimita 6 unaacha mshono wa sentimita 4 hivi.

Kuhusu mdomo, bado ni mapema. Kovu changa hujikaza sana miezi ya mwanzo, kisha hulainika polepole kwa mwaka mzima au zaidi. Mdomo, bawa la pua na kope la chini havijashikiliwa na mfupa, hivyo kovu likivuta, vyenyewe ndivyo vinavyofuata. Mara nyingi mvuto huo hupungua.

Muulize aliyekushona kama unaweza kuanza kukanda. Akikubali, bonyeza kovu kwa ncha ya kidole na uisogeze ngozi yenyewe kuelekea mdomoni, kinyume na mvuto. Kupaka mafuta juu juu hakutoshi. Jeli ya silikoni husaidia, na jua likwepe.

Sasa simama mbele ya kioo, tabasamu, kisha kunja midomo kama unayepiga mluzi. Upande mmoja usiposogea, huenda neva, yaani mshipa wa fahamu unaosogeza misuli ya uso, imeguswa: nenda hospitali wiki hii. Vivyo hivyo jicho lisipofumba vizuri, maana jicho hukauka na kuumia.

Kurekebisha kovu kwa upasuaji, kwa mfano kulirefusha kwa mkato wa umbo la Z, kwa kawaida husubiri miezi 6 hadi 12. Kabla ya hapo, naomba sana, dai majibu ya maabara ya kile kipande kilichotolewa. Kama kingo zake zilikutwa na seli za saratani, hizo zinaondolewa kwanza. Mdomo utashughulikiwa baadaye.