Ukipenda kitu ambacho wenzako hawana habari nacho, utaongea na nani?

Mkuu, umesema unakusanya sarafu za zamani, na kila ukianza kuzieleza shemeji zako wanakuuliza "inalipa?", halafu hao, wamerudi kwa Simba na Yanga. Mimi ni mtu wa ndege. Siwafugi, nawaangalia tu alfajiri na darubini yangu. Huku Morogoro nimeshaitwa mpelelezi, mganga, na mchungulia wake za watu. Hilo la "inalipa" jibu lake ni "hailipi", kwisha. Ukianza kujitetea kwamba ni elimu, sijui urithi wa taifa, umeshawapoteza.

Kwa ninavyoona mimi, wasikilizaji hatukosi. Watu wetu wana adabu, watakuitikia "aha, kumbe" mpaka chai ipoe. Shida ni kumpata wa kukubishia. Mpira unanoga kwa sababu kila mtu kijiweni ana la kupinga, hata asiyejua kitu. Kwa hiyo siku hizi naanzia pale ambapo mtu tayari ana ugomvi wake na ndege.

Dar anzia kwa kunguru. Hakuna asiye na kesi naye: huyu kaporwa samaki, yule kaliwa vifaranga. Sema waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wasafishe taka. Mmoja atakataa, mwingine ataleta ya babu yake, na wewe umo katikati.

Bundi ndiyo kabisa. Nilimwambia mama mmoja jirani kwamba yule mwenye uso mweupe anayekaa darini anatumalizia panya. Akaniambia, "Baba, basi akae kwako ale panya wako, kwangu asitue." Tulibishana hadi watoto wakaja kusikiliza. Msimamo wake haujabadilika, ila bundi akilia usiku, asubuhi ananiletea taarifa alilia upande gani.

Wapenda kula nina yao pia. Mwaka 1991 watafiti wa Denmark wakiwa kambini kwenye milima ya Udzungwa waliona ndani ya sufuria miguu ya ndege wasiyemtambua. Kufuatilia, wakakuta ni kwale ambaye wanasayansi hawakuwa wamemwandika popote, na jamaa zake wa karibu wako misitu ya Asia. Swali linalofuata ni lile lile siku zote: "Alikuwa mtamu?" Zamani lilikuwa linaniudhi. Siku hizi nacheka, nawauliza wao wamekula ndege gani, na hapo ndipo napata mambo.

Kwa njia hiyo hiyo nilimpata mzee mmoja wa kule mlimani, ambaye utotoni alikuwa akitega ndege kwa ulimbo. Darubini hajawahi kuishika. Kuna ndege mwenye kichwa cheusi, mgongo wa kijani na tumbo la njano, anayeishi Uluguru tu, dunia nzima hayupo kwingine. Mzee ananibishia mlio wake kila tukikutana, na mimi sikubali kirahisi. Huyo mmoja ananitosha kuliko watu ishirini wa "aha, kumbe".

Sasa wewe, nenda kwa masonara. Wanaijua fedha ya rupia za zamani kwa uzito wake mkononi, na watakubishia mpaka uchoke. Nenda kwa wazee wa Tabora, maana mwaka 1916, Mjerumani alipokatiwa njia na vita, sarafu zilifuliwa pale pale kwenye karakana ya reli, hadi za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Stori ya hela kutengenezwa gereji hata shemeji zako hawaiachi. Wasipoikubali hiyo, waachie mpira wao, usiwalazimishe.

Halafu hiyo heller ya 1916 uliyoitaja, ile sarafu ndogo ya Mjerumani, igeuze uangalie chini ya mwaka. Ina herufi T, alama ya Tabora?