Mwalimu, "would" yangu ina kosa gani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kwenye mtihani niliandika "If I would have known, I would have come", nikakatwa alama. Lakini Wamarekani kwenye filamu nawasikia wakisema hivyo hivyo! Mwenzangu naye aliandika "If I had had time", nikamcheka kwa kurudia neno, kumbe yeye ndiye aliyepata. Hizo "had" mbili ni za nini? – Niliyekatwa Alama

JIBU: Marahaba. Aliyekusahihisha hakukuonea, na sentensi hiyo najua ulikoitoa: kwenye Kiswahili. Sisi husema "Ningalijua, ningalikuja", -ngali- huku na -ngali- kule, na walimu wetu wa sarufi hukazania pande zote mbili zilingane. Kiingereza hakitaki kulinganisha. Upande wenye "if" hupewa "had" na kitenzi katika umbo lake la tatu, na "would have" hubaki upande wa matokeo peke yake. "If I had known, I would have come." Ukianza na matokeo, mpangilio hugeuka lakini kila upande hubaki na vitu vyake: "I would have come if I had known."

Chukua meli ya Titanic, iliyozama Aprili 1912. Ilikuwa na watu zaidi ya 2,200, na mashua zake 20 za kuokolea zingetosha kama nusu yao tu. Mtu akiandika "If the Titanic had carried more lifeboats, more people would have survived", anakwambia mambo mawili ambayo hayakutokea: mashua zaidi hazikuwamo, na watu zaidi hawakupona. Sentensi hizi husomwa kinyume. Kitenzi kikikubali, ukweli unakana. Kikikana, ukweli unakubali: "If the ship had not hit the iceberg" maana yake iligonga. Wanafunzi wengi huijua kanuni vizuri, kisha hukosa maswali ya ufahamu kwa kusahau hilo tu.

Wapo watakaobisha kwamba hata mashua zingekuwa nyingi, mabaharia wasingewahi kuzishusha zote kabla meli haijazama. Hao wasiandike "would have survived", maana hiyo ni kauli ya mtu mwenye uhakika. Waandike "might have survived", huenda wangepona. Mimi naipenda sana "might" hii, na sielewi kwa nini vitabu vingi vya shule huipitia juu juu.

Kuhusu Wamarekani, ni kweli, wengi husema hivyo katika mazungumzo. Mtihani haukupimi kwa mazungumzo. Halafu inawezekana sikio limekudanganya, kwa sababu wakisema haraka, "had" na "would" zote hufupishwa kuwa "'d". Katika "If I'd known, I'd have come", ya kwanza ni "had" na ya pili ni "would". Ili kuzitofautisha, angalia neno linalofuata: ukiona "have", hiyo ni "would".

Kuna mtego mwingine ambao hukuuliza. Siku hizi wengi wetu tunasema "ningejua nisingekuja" hata kwa jambo la jana, na tunaelewana. Ukiihamisha -nge- hiyo utaandika "If I knew, I would not come", na Mwingereza ataelewa unazungumzia sasa. Jambo likishapita, rudi kwenye "had known".

Sasa "had had". Mwenzako hakurudia neno. "Had" ya kwanza ni kitenzi kisaidizi, ile ile iliyo kwenye "had known". Ya pili ni kitenzi chenyewe, kuwa na kitu, katika umbo lake la tatu. Ikikukera machoni, fupisha ya kwanza: "If I'd had time". Ila ya pili usiiguse. Na ukikanusha, "not" huingia katikati yake: "If I had not had time".