Flashi, diski ya nje au mtandaoni? Jibu langu baada ya kuibiwa mafaili ya harusi

Mkuu, umeuliza utunze wapi tasnifu yako ya uzamili na picha za familia, jumla GB 60 hivi: kwenye flashi, diski ya nje au mtandaoni. Nakujibu kwa niliyopitia. Kazi yangu ni kupiga picha na video za harusi hapa Morogoro, na mafaili ndiyo ghala langu.

Mwaka 2019 bakapu nilikuwa nayo. Kila nikitoka kwenye shughuli nilinakili kila kitu kwenye diski ya nje ya TB 1, kisha naiweka kwenye begi moja na laptopu. Usiku mmoja wezi wakavunja dirisha, wakaondoka na begi lile. Ilinibidi nimpigie simu bibi harusi ambaye babu yake alifariki wiki mbili baada ya sherehe, na video pekee ya mzee akimpa mjukuu wake mawaidha ilikuwa humo. Pesa yake nilimrudishia yote. Sauti ya mzee sikuwa na pa kuitoa, na mpaka leo nikikutana na dada yule nakosa la kusema.

Kwa hiyo kabla hujachagua kifaa, jiulize nakala itakuwa wapi siku nyumba ikivunjwa, ikiungua au ikijaa maji. Wapiga picha tuna kanuni ya 3-2-1 aliyoieneza mwenzetu wa Marekani, Peter Krogh: nakala 3, kwenye aina 2 za vyombo, na 1 ikae mbali. Mimi nina diski mbili zinazopokezana, moja nyumbani, nyingine kwa dada yangu Kihonda. Jumapili nikienda kumsalimia nazibadilisha. Diski ikimaliza kunakili naichomoa hapo hapo, maana vile virusi vinavyofunga mafaili na kudai pesa hufunga na diski vinavyoikuta imechomekwa.

Mtandaoni wengi wanajichanganya. Folda inayojilinganisha yenyewe na mtandao inafuata unachokifanya: ukifuta faili kwenye laptopu, na kule linaondoka. Google Drive hulitunza kwenye pipa la taka siku 30, basi. Akaunti ya bure ina GB 15, tena zinagawanwa na barua pepe na picha, kwa hiyo GB 60 zako hazienei bila kulipia. Na piga hesabu ya bando na kasi: kwa megabiti 5 kwa sekunde, harusi moja yangu ya GB 120 inapanda kwa saa 53, kama haikukatika hata mara moja. Ndiyo maana napandisha picha zilizochaguliwa na video iliyokamilika tu.

Flashi ni ya kubebea, usiitegemee kutunzia. Zipo zinazojitangaza GB 512 na ndani ni ndogo mno; zinapokea mafaili kimya kimya, ukifungua hamna kitu. Programu ya H2testw inazibaini, ipo ya bure.

Jambo moja watu hawalifanyi: kila mwisho wa mwezi chukua diski, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, fungua mafaili matano sita. Mimi niliwahi kukuta majina ya video yote yapo na nusu hazichezi, kumbe waya ulikuwa umelegea wakati wa kunakili.

Kwako wewe: tasnifu ni MB chache, kwa hiyo kila ukimaliza sura jitumie kwa barua pepe, tarehe ikiwa kwenye jina la faili. Kwa picha nunua diski mbili za TB 1, hata kama ya pili itasubiri mshahara wa mwezi ujao. Moja mpelekee mama au ndugu anayekaa mtaa mwingine, na umwambie kabisa kilichomo, watoto wasije wakaifuta wakaweka filamu.