Wadogo zangu mnaotengeneza sauti za maelieni, msianzie kwenye kompyuta

Kijana akija studio akaniambia ana elieni, yaani kiumbe wa sayari nyingine, kwenye muvi yake, mara nyingi ananichezea sauti ya mshkaji wake imeshushwa chini na kuwekewa mwangwi, basi, imeisha hiyo. Mwaka wa tisa huu nafanya sauti za filamu fupi hapa Dar na hili jambo bado linaniuma kwa sababu hawa vijana uwezo wanao kabisa, ila wanaanza na efekti wakati kazi ilitakiwa ianzie kwenye koo la mtu, la mnyama, au hata bawaba ya geti yenye kutu.

Muangalieni Ben Burtt, mtengeneza sauti za filamu wa Marekani. Yule elieni E.T. wa filamu ya 1982, sauti yake kwa sehemu kubwa ni ya mama mmoja anaitwa Pat Welsh, mvutaji wa sigara haswa, Burtt alimsikia tu anaongea kwenye duka la kamera akajua huyu ndiye, halafu akamchanganyia na sauti nyingine za watu na wanyama. Chewbacca, lile jitu la manyoya la Star Wars, sauti yake ni dubu kwa sehemu kubwa. Ndo maana ukiwasikia unaamini wana mapafu, wanachoka, wanaogopa.

Kwahiyo toka nje na rekoda. Mbuzi usiku, pantoni la Kigamboni likigusa gati, babu anakoroma, vyote chukua. Na kama rekoda yako inaruhusu weka 96 kHz (mara ngapi kwa sekunde rekoda inapima sauti), maana ukipunguza spidi nusu sauti inashuka okteva nzima, sasa faili la 48 linabeba sauti mpaka 24 kHz tu, likishuka hivyo linaishia 12 kHz na linasikika kama limefunikwa blanketi. Maiki nayo iwe inashika sauti za juu huko, la sivyo umejaza memori bure.

Sasa lugha, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kwenye Return of the Jedi, filamu ya Star Wars ya 1983, kuna elieni Nien Nunb, yule anayekaa pembeni ya rubani Lando kwenye chombo cha angani, anaongea Kikuyu! Alisemewa na Mkenya aliyekuwa anasoma Marekani, Kipsang Rotich. Kwa Mmarekani ile ni lugha ya sayari ya mbali, kwa mtu wa Nyeri ni jirani anaongea. Mimi nilijifunza hili kwa uchungu, filamu yangu ya pili nilichukua Kimakonde cha bibi mmoja nikakivuruga kidogo nikampa elieni anayetishia kijiji, siku ya kuonyesha mzee mmoja ukumbini akasimama akauliza mbona huyu kiumbe anaomba maji ya kunywa, na kwanini lugha ya mama yake iwekwe kwenye mdomo wa dude la kutisha watoto. Sikuwa na jibu. Nilimuomba radhi palepale na ile sauti nikaitoa. Lugha ya watu sio kelele, ukitaka kuitumia nenda kwa wenyewe, waambie kiumbe ni nani na anafanya nini, na maneno yaseme kweli kile kinachotokea kwenye picha.

Au tunga yako. Marc Okrand, mtaalamu wa isimu, alipopewa kazi ya kutunga Kiklingoni, lugha ya maelieni Waklingoni, kwa ajili ya filamu ya Star Trek ya 1984 aliweka mtendwa mbele na mtenda mwisho, yaani ugali anakula Juma, na mlaji ni Juma bado. Kanuni moja tu kama hiyo ukiishika inampa muigizaji kitu cha kung'ang'ania. Huna haja ya kamusi, sentensi ishirini zinatosha filamu ya dakika kumi, ila kila sentensi iandikie maana yake ya Kiswahili kwenye skripti na umpe muigizaji wiki moja kabla, kwa sababu asiyejua anasema nini anabweka tu, na hakuna plagini (programu ya kubadili sauti) itakayokuokoa hapo.