Maswali ya Wasomaji: Je, mgeni anaruhusiwa kucheza Awa Odori?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni Mtanzania ninayesoma Osaka, na wenzangu wa darasani wamenialika twende Tokushima mwezi Agosti kutazama ngoma ya Awa Odori, ambayo huchezwa barabarani. Wanasema hata wageni huingia kucheza, lakini nasita, kwa sababu siku hizo ni za kuwakumbuka marehemu, nami nisingependa kuonekana nimekwenda kufanya mzaha. Isitoshe, sijui hata hatua moja. Naomba ushauri wako.
Msomaji, Osaka

JIBU: Ndugu msomaji, wasiwasi wako ni wa mtu mwenye adabu, ila nadhani umeubeba mzigo mzito kuliko unavyostahili. Ni kweli kwamba Awa Odori, ambayo kwa kawaida huchezwa kuanzia tarehe 12 hadi 15 Agosti, imefungamana na Obon, siku ambazo Wajapani huamini kuwa roho za wazee wao hurudi nyumbani. Lakini huko Tokushima, mji ulio katika kisiwa cha Shikoku, roho hizo hupokelewa kwa shangwe. Wimbo wenyewe wa ngoma hiyo unasema, kwa maana yake, kwamba wanaocheza ni majuha na wanaotazama ni majuha, na kwa kuwa wote ni majuha, asiyecheza ndiye aliyepata hasara.

Hata hivyo, usijitumbukize popote tu. Wachezaji huenda kwa vikundi viitwavyo “ren”, na vile mashuhuri hufanya mazoezi karibu mwaka mzima, kila kimoja kikiwa na sare yake na mtindo wake, kwa hiyo kuingia katikati ya safu zao ili upigwe picha ni utovu wa adabu, hata kama hakuna atakayekukemea. Kwa ajili ya watu kama wewe kipo kikundi cha papo kwa papo, “niwaka-ren”, ambacho hakitozi ada wala hakidai sare. Mnakusanyika mahali na saa iliyotangazwa, wachezaji wazoefu wanawafundisha kwa muda mfupi, kisha mnaongozwa hadi kwenye uwanja wa maonyesho, penye majukwaa ya watazamaji kila upande.

Kuhusu hatua, mpigo ni wa mbili mbili: ngoma, upatu, filimbi ya mwanzi na shamisen, ambalo ni zeze la nyuzi tatu. Inua mikono juu ya mabega. Mguu wa kulia unapokwenda mbele, mkono wa kulia unakwenda nao. Unagusa ardhi kwa ncha ya vidole, ndipo unakanyaga, kisha ni zamu ya upande wa kushoto. Hapo ndipo wengi tunapokwama, kwa sababu katika kutembea tumezoea mkono wa kulia kufuatana na mguu wa kushoto, na ukianza kufikiri tu umeshapotea. Wanaume hucheza wameinama, magoti yamekunjwa na kutazama nje, na baada ya dakika kumi mapaja yatakueleza kwa nini wenzako hufanya mazoezi mwaka mzima. Wanawake husimama wima juu ya ncha za viatu vya mbao, nyuso zikiwa zimefichwa nusu na kofia za majani zilizokunjwa, ingawa wapo pia wanaocheza mtindo wa kiume. Kiongozi akipaza sauti “Yattosaa!”, itikia “Yatto, yatto!” bila haya.

Nguo za kawaida zinatosha, mradi viatu visikuponyoke mguuni. Ukipenda kuvaa yukata, lile vazi jepesi la pamba la majira ya joto, hakikisha upande wa kushoto umelala juu ya ule wa kulia, kwa sababu kinyume chake ndivyo anavyovikwa maiti. Hili, kwa kuwa umewataja marehemu, ndilo kosa ambalo kweli lingewashtua wenyeji. Beba maji pia, kwani joto la Agosti huko lina unyevunyevu ambao mtu wa Dar es Salaam ataufahamu mara moja.

Linalobaki ni malazi, ambayo huisha mapema mno siku hizo. Kwa kuwa basi kutoka Osaka, kupitia kisiwa cha Awaji, huchukua muda wa saa mbili na nusu hivi, unaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, ila kata tiketi ya kurudi kabla hujaondoka.